Askari Ishirini wa Maige

...na asiyeamini abishe, nipo hapa, abishe mbele ya watu wote hawa, kwamba hawa askari ishirini wa udongo waliojipanga juu ya mlango wa zamani wa Mzee Akida, uliolazwa kwenye mapipa na kumwagiwa mchanga ukawa uwanja wa vita, hakuna wa kuwavunja Shinyanga nzima, hata Mhunze, hata huko Geita kwa wachimba dhahabu, na Mzee Akida ameshauliza, "Maige mwana wa Mabula, hawa umewafinyanga kwa mkono wako mwenyewe?", swali lile lile la kila Sabasaba, kila mchezaji huulizwa kabla ya kutupa dadu, ukisema hapana unakusanya jeshi lako unaenda kwenu, ndiyo sheria yake, aliileta pamoja na mchezo wenyewe kutoka Burma alikokuwa akiwachemshia chai maofisa wa Kizungu wakijenga vilima vya mchanga mezani kupangia vita, neno moja tu, ndiyo, na mdomo nimeshaufungua... "Mjibu mzee, Jenerali Vumbi," anasema Ignas, bingwa wetu huyo, wa kiwanda cha pamba, na watu wanaangua kicheko, Jenerali Vumbi, mwaka mzima nimelibeba jina hilo, sokoni, kisimani, mpaka wachunga ng'ombe wa Kishapu wasionijua wananiita hilo, kisa mwaka jana nilileta jeshi la udongo mweusi wa mbuga, niliuchota nyuma ya nyumba, nikawapaka rangi ya viatu wakang'aa kama wa gwaride, Ignas akatupa dadu yake ya kwanza, meza ikatikisika kidogo tu, na wangu tisa wakakatika miguu bila kuguswa na mtu, na aliyevunjika amekufa, hiyo nayo sheria... udongo wa mbuga ukikauka unapasuka, kila mtoto wa hapa anajua, si anaukanyaga kila kiangazi, ila mimi niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu nilimzidi mwalimu akili sikujua, au nilijua, nilijua bwana, niliona haya tu kwenda kule bondeni Ibadakuli na jembe katikati ya akina mama wafinyanzi, kidume kizima nikachimbe udongo wa vyungu, watu wangesemaje... "Anafikiri huyo," anasema Ignas, "mleteeni kigoda," na Mzee Akida anainua kidole, miwani yake imefungwa kwa uzi wa cherehani, "Mwacheni, ana haki ya kufikiri," mwaka huu lakini, mwaka huu udongo umechimbwa kule kule bondeni, umechanganywa na vigae vilivyotwangwa, umekandwa siku tatu, umechomwa kwa mavi ya ng'ombe mpaka ukiugonga unalia kama kengele, jana nimemdondosha mmoja juu ya jiwe, jiwe ndilo lililoumia, abishe anayebisha, Ignas leo ataitwa yeye Vumbi, ataona... na Nyamizi yuko pale kizingitini na ungo wake wa karanga, dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, hauzi, hanitazami mimi wala Ignas, anawatazama askari, anamtazama yule wa tatu aliyeegemea kidogo, kidole chake kinacheza hewani kana kwamba anamnyoosha, juzi aliniuliza, "Kaka, hivi na mimi siku moja wataniruhusu kucheza?", nikamcheka, nikamwambia we kacheze na vyungu vyako, akaendelea na kazi, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Kamanda usimweke nyuma, atachelewa," nami nimemweka mbele, ndiyo, nimemweka mbele... namgeuza kamanda ili niwe na la kufanya na mikono, mgongoni ana alama ya dole gumba, ndogo, nyembamba, naweka langu juu yake inafunikwa yote na nafasi inabaki, wote ishirini wanayo, Ignas haoni, hakuna anayeona, neno moja tu na jina la Vumbi linakwisha leo hii hii... kidole cha Mzee Akida bado kiko juu, mdomo wangu bado uko wazi, na kuna kipande nimekiruka tangu mwanzo, sikuugusa ule udongo hata siku moja, aliuchimba Nyamizi, akatwanga vigae vyake, akaukanda, akauchoma, mimi nilikaa kivulini natafuna karanga zake na kumwelekeza bunduki ziwekwe bega gani, akakataa, akaziweka bega lile jingine, na ndiyo maana askari wamesimama.