Amri ya Ubaridi katika Dola ya Gesini

Katika dola ya Gesini, kila raia alikuwa molekuli: atomu mbili zilizokumbatiana, zikizunguka na kukimbia zitakavyo. Mfalme Tulizo aliuchukia mvurugo huo. Alitaka taifa zima liwe wimbi moja, liinuke akisema inuka, litulie akisema tulia.

"Ni suala la ubaridi tu, Mtukufu," alisema Waziri Kipupwe barazani. "Tupunguze kimo cha ukuta unaotuzunguka. Wenye joto jingi wataruka nje wenyewe, na joto lao waende nalo. Watakaobaki watapoa hadi wawe kitu kimoja."

Ukuta ukapunguzwa. Waimbaji wakatoka, kisha wabishi, kisha Kidundo, aliyekuwa akicheka kwa sauti. Waliobaki wakakatazwa kusogeleana, wasije wakagongana na kurushwa nje ya ukuta.

Bi Msewe, mke wa Kidundo, akaja barazani.

"Mume wangu alicheka tu, Mtukufu."

"Alicheka kwa joto," akajibu Waziri.

"Haya. Na huo ubaridi ukishafika, utabisha hodi kwa Mfalme, au utaingia tu?"

Baraza likakohoa. Mfalme akatabasamu kwa heshima zote na kuamuru ukuta upunguzwe tena.

Ubaridi ukaingia bila hodi. Raia mmoja mmoja wakashuka hadi ngazi ya chini kabisa ya joto, na huko hapakuwa tena na huyu wala yule. Mfalme naye akashuka. Kiti kikabaki kitupu. Waziri peke yake, aliyebaki ukutani akiulinda, ndiye aliyeshangilia.

"Mtukufu! Tumefaulu! Uko wapi?"

"Niko hapa," likajibu taifa zima.

Waziri akachungulia ndani. "Namuuliza Mfalme."

"Ndiye mimi."

Akatega sikio kuitafuta sauti ya bwana wake. Ilikuwemo, lakini haikuweza kutengwa na nyingine, hata ya Bi Msewe.

"Wa... waamuru nini, Mtukufu?"

"Warudishe waliotoka. Wote."

Angemkatalia nani? Akawafungulia lango. Kidundo akaingia wa kwanza, akicheka, na nyuma yake joto la wote waliofukuzwa. Wimbi likavunjika, kila mmoja akarudia umbo lake na kuanza kukimbia.

Mfalme akajikuta chini kabisa, ubavuni mwa Bi Msewe. Akafungua mdomo atoe amri.

"Sogea kidogo, baba," mama yule akamwambia, macho yakiwa kwa mumewe. "Nataka kuzunguka."

Mfalme akasogea.