Mama Mkwe Hacheki

Shemeji yangu, mume wa dada, hana aibu hata ya kuazima. Mchana anatoa fotokopi kwenye duka la watu. Jioni anajifungia chooni na simu, anageuka mwanamke. Mtandaoni alijiita Mama Mkwe Hacheki, picha ni miwani tu, na kazi yake kuwapasha wanaume wavivu. Watu walimpenda kufa. Maneno yenyewe aliyaokota mezani kwetu, mdomoni mwa mama yetu, yaani mkwe wake, huku anajifanya anatafuna.

"Mwanaume anayeuliza chumvi iko wapi kwenye nyumba yake mwenyewe ni mgeni. Mpe kiti, kisha msindikize." Hilo mama alimwambia yeye, uso kwa uso. Akaona halimhusu, akalipachika mtandaoni.

Basi sifa zikaanza kumwasha. Dunia nzima inamsifia mama mkwe, yeye dukani anaitwa "we kijana wa fotokopi." Alitaka ajulikane, basi. Akajipiga picha na suti ya kuazima, akaiweka: jamani, Mama Mkwe ni mimi.

Loo, alioga matusi. Wakamwita mwizi, kaiba ukurasa wa mama wa watu. Wengine wakauliza mama yao kampeleka wapi.

Nilikuwa kwenye cherehani yangu sebuleni alipoingia, macho mekundu, akampigia mama magoti. Akamweleza yote, akamsihi aseme mbele ya kamera kwamba mwenye ukurasa ni mkwe wake. Mimi nilimwonea kinyaa. Mama akavaa miwani, akamtazama weee, kisha akakubali. Shemeji akainua simu.

"Ni kweli, ukurasa ni wake," mama akasema. "Kijana ana bidii huyu. Angeosha vyombo kwa bidii hiyohiyo, binti yangu angepata hata muda wa kumchoka vizuri."

Mjinga akairusha video mtandaoni vilevile. Masikioni mwake liliingia "ni wake" tu.

Kabla chai haijapoa, watu walishamtambua mama yao kwa mdomo wake. Sasa wanamtaka kila siku, na shemeji ndiye mshika simu. Jana, wakiwa hewani, mtu akauliza huyo anayetikisatikisa kamera ni nani.

"Mgeni," mama akajibu.

Shemeji akasogea kidogo, ili mama aonekane vizuri.