Misuli ya Mama Xavery

Kila asubuhi baada ya chai, Philomena wa Nangara alivuka barabara kwenda dukani kwa Hanifa, akaketi nyuma ya magunia ya mchele na kuanza kuinua mawe ya mizani. La kilo moja kwanza, halafu la mbili. Na la kilo tano walikuwa bado hawajaelewana. Hanifa, ambaye ni rika lake, alikuwa amesikia redioni kwamba mzee naye hupata nguvu akiinua vizito na kula vya kujenga mwili, ila mwili wake husikia kwa shida, lazima uuite kwa sauti.

"Kijana yai moja linamtosha," alisema. "Sisi, Mama Xavery, ni mawili na maharage juu."

Haraka ilikuwepo. Mwanawe Xavery alikuwa ametamka kwamba baada ya mavuno atamhamishia kwake Bonga, kwenye chumba cha uani, kwa sababu hawezi tena kujitwika ndoo ya maji. Alisema kwa upendo kabisa. Ni ukoo wa watu wapole: miaka mingi wamempokea Philomena kila mzigo, acha mama, pumzika mama, mpaka misuli ikaona haina kazi pale, ikaondoka. Heshima nayo ikizidi, jamani, humkalisha mtu mpaka asimame kwa kushikwa. Philomena hakutaka Bonga. Alitaka kuzeekea kwenye jiko lake mwenyewe, basi.

Msuli wa kwanza ulirudi Jumanne jioni. Ulikuwa wa bega la kulia, umejaa vumbi, na ulipiga hodi kama watu wenye adabu. Muda wote huo ulikuwa Singe, kwenye shamba alilolima zamani. Ulieleza kwamba ulisikia unaitwa tangu mwezi uliopita, lakini siku hizi hausikii vizuri. Philomena akaupa maharage na mayai mawili. Ukala, ukaomba maziwa. Zamani kikombe kiliutosha, sasa ukamaliza sufuria.

Misuli ya mapaja ilichelewa zaidi, ikaja pamoja, ikichechemea. Majirani walioikuta njiani waliielekeza nyumbani. Mchana ilikaa mwilini ikafanya kazi. Wakati wa chakula ilitoka na kuketi mkekani, kwa sababu ilitaka kuona inachopewa.

Mama huyu ni mtu na nusu, acha niseme. Kuna siku mkono ulikataa katakata, akalia nyuma ya magunia, akajifuta kwa khanga, akainua tena. Mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa, lile jiwe la kilo tano alilishika kama kitunguu.

Jumapili moja Xavery alikuja na mkewe, Careen, na pikapu ya kukodi ya kubeba kitanda. Philomena alijitwika ndoo mbele yao, akaitua, akajitwika tena.

"Leo umeweza, mama," alisema Xavery. "Kesho je?" Akamwambia dereva afungue nyuma.

Philomena akatua ndoo, akakunja magoti, akashika bampa, akainua pikapu na kuigeuza ikatazama barabara ya Bonga. Aliishusha taratibu. Dereva, Remigius, alimwomba tu aangalie kioo cha pembeni.

"Shikamoo bibi," aliongeza, maana alikuwa hajamsalimia.

"Marahaba."

Xavery aliizunguka pikapu, akakagua matairi. "Basi mama, utakaa," alisema.

Wakala kabla ya kuondoka. Careen alikuwa amepika jogoo wa Philomena. Firigisi na paja moja alimpa mumewe, paja la pili dereva, kidari akabaki nacho yeye. Mbele ya mama mkwe aliweka ugali laini na bakuli la mchuzi mtupu.

"Wazee hamhitaji nyama nyingi, mama," alisema kwa upole, akamwondolea na ile ndoo aiingize ndani. "Wewe pumzika."

Misuli, iliyokuwa imeshajipanga mkekani, ikatazama bakuli, ikatazama sahani za wengine, halafu ikamtazama Philomena.

"Tulieni," aliinong'oneza. "Wageni wanakaribia kuondoka."