Pedeli Mbili

Ti.

Kimya. Halafu tena, ti, kama tone linaloangukia bati dogo. Bi Sikudhani alifumbua macho gizani akasikiliza. Bomba si bomba. Maji hayakuwa yametoka Mkonze tangu juzi. Mvua si mvua. Mwezi wa nane Dodoma hauna mvua hata ya kusingiziwa. Ti. Sauti ilitoka uani, chini ya dirisha, pale lilipolala gari.

Usingizi ulikuwa umemkimbia, na sababu aliijua. Asubuhi hiyo Marko fundi angekuja kung'oa giaboksi ya otomatiki na kulitia gari ile ya gia za mkono. Mumewe Hamidi alikwisha kubaliana naye. Gari lilikuwa linasumbua: ukikanyaga mafuta, injini inanguruma bure, gari limezubaa, kisha gia inaingia kwa kishindo mpaka vichwa vinarudi nyuma. Binti yao Salha, wa miaka minne, alikuwa amelibandika jina la Punda. "Punda kapiga teke tena!" husema kila likistuka, na kucheka.

Sikudhani hakucheka. Gari la gia za mkono lina pedeli tatu, na moja hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mdogo kuliko Salha. Ulimfuata tu, haukutumwa kazi. Gari hili la Kijapani, lililochokwa na wenyewe huko likaja kumalizia umri wake huku, lilikuwa na pedeli mbili. Hamidi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuliendesha, kwenye uwanda wazi, akicheka mpaka machozi. Tangu hapo Sikudhani alijipeleka mnadani Ihumwa na nguo zake za mitumba, akajipeleka pia kwenye masomo ya jioni mjini. Hamidi alikuwa dereva wa lori; alikuwa anaweza kukaa Singida wiki nzima na nyumba ikaenda.

"Nitakuwa nakupeleka," alimwambia juzi, kwa upole.

"Ukiwa Singida?"

"Tutatafuta kijana wa kuendesha."

Kupelekwa. Neno lile lilikuwa halimezeki mpaka sasa.

Ti.

Alijifunga khanga, akashika fimbo na tochi, akatoka. Uvunguni mwa gari kulikuwa na kifuniko cha sufuria. Jana Salha alikuwa anapikia udongo pale. Alikimulika. Oili nyekundu, ile ya giaboksi, ilikuwa imetanda katikati. Akachovya kidole, akanusa. Haikunuka kuungua; huenda giaboksi haijafa.

Hamidi aliporudi kutoka msikitini alimkuta ameketi juu ya gunia, kifuniko mapajani.

"Baba Salha, giaboksi inavuja."

"Inatoka jasho tu. Kila asubuhi napima, imejaa."

"Pima nione."

Hamidi akafunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakichomeka, akakichomoa tena. Kweli, oili ilipita alama ya juu. "Si unaona? Gari limezeeka, mama Salha. Usijitese."

Lakini jambo lile halikumtoka. Chombo kinavuja usiku kucha, na asubuhi kimejaa. Nani anakijaza? Alibandika uji, akaenda kulitazama gari, akarudi, akaenda tena. Uji ukashika chini. Nje wanawake walikuwa wanapita na ndoo kuelekea kisimani, wakihimizana wawahi. Ukiwahi alfajiri unakuta maji yako juu, unateka bila kuinama. Ukichelewa, wenzako wamekwisha teka, kamba haifiki. Na maji hayajaisha. Yamo ndooni mwa watu.

Akasimama, mwiko mkononi.

"Baba Salha! Unalipima likiwa limelala!"

"Nini?"

"Likiwa linafanya kazi, oili inapanda huko ndani. Likizimwa, yote inashuka chini, wewe ndiyo unaiona hapo. Tulipime linanguruma."

"Oili hupimwa injini imezimwa," Hamidi alisema. "Nimeshika usukani sijaota hata ndevu."

"Hiyo ni oili ya injini. Hii ni nyingine."

Kabla hajajibu, mkokoteni ukagonga geti. Marko aliingia akihema, giaboksi ya mkono imefungwa kamba juu yake kama mbuzi wa sadaka.

"Hodi wenyewe! Nimeleta bwana harusi," akakipigapiga chuma. "Otomatiki ni ya wavivu, shemeji. Hii ndiyo ya wanaume."

"Wape wanaume basi, shemeji. Mimi niwashie hili kwanza."

Marko akamtazama Hamidi.

"Washa bwana," Marko alisema. "Gari lenyewe tumeshalizika, tunaogopa nini?"

Wakaweka jiwe nyuma ya tairi. Hamidi akawasha, akakanyaga breki, akapitisha gia zote taratibu kisha akairudisha pa kuegeshea. Sikudhani akachomoa kijiti injini ikinguruma, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka, akakichomoa. Kilikuwa kikavu. Nchani tu palilowa, kama kidole cha mtoto aliyeonja mchuzi.

"Eh!" Marko alishika kiuno. "Na mimi nilipima kama wewe, Hamidi. Injini imezimwa." Kisha akashusha sauti. "Lakini shemeji, limetembea na kiu siku nyingi. Huenda limeshajiumiza ndani. Siahidi kitu."

"Sijakuomba ahadi. Niazime spana."

Hamidi alizima injini, akapanda baiskeli kwenda mjini kununua oili. Sikudhani alitandika gunia, akajisogeza chini ya gari kwa viwiko, mguu ukimfuata. Sampo ya giaboksi, ile karai inayobeba oili kwa chini, ilikuwa imelowa upande mmoja. Boliti nyingine zililegea hadi kuzungushwa kwa vidole.

"Usizikaze kwa hasira!" Marko alipiga kelele. "Utazikata. Hapa kidogo, kule kidogo."

"Hasira ninayo, lakini si ya boliti."

Marko akacheka mpaka akaketi juu ya bwana harusi wake.

Oili ilipofika, walitumia faneli ya mafuta ya taa, imeoshwa na kukaushwa juani. Wakawasha tena, wakapitisha gia, wakamimina kidogo, wakapima, wakamimina, wakapima. Kijiti kilipolowa hadi kwenye alama, Sikudhani akazima injini; Hamidi akafunika boneti na, kwa mazoea, akashika mlango wa dereva.

"Ufunguo ninao mimi," Sikudhani alisema.

Hamidi akazunguka upande wa pili. Salha akapanda nyuma. Marko akabaki getini na mkokoteni wake, kama mposaji asiyejua atakubaliwa au la.

Waliingia barabara ya vumbi. Sikudhani akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likazubaa, kisha, puu! Vichwa vikarudi nyuma. Salha akacheka. Hamidi akageukia dirishani.

Sikudhani hakugeuza. Akasimamisha, akaondoka tena. Likastuka, ila kidogo. Ama alijidanganya? Akasimamisha, akaondoka. Mbele mwinuko wa reli ulikuwa unakuja, pale ambapo gari lilikuwa halijawahi kumsamehe. Akakaza mabega, akasubiri kishindo. Sauti ya injini ikapanda, ikapanda, kisha ikashuka, nzito na tulivu, na mwinuko ukaanza kupita chini yao. Akaendelea kusubiri. Hakuthubutu kumtazama mumewe. Aliona tu mkono wake, uliokuwa umeng'ang'ania kiti, ukilegea.

Nyuma yao Salha alikuwa ameacha kucheka. Alisimama kati ya viti, mdomo karibu na sikio la mama yake.

"Mama, Punda hajapiga teke."