Mgongo wa Mbawakawa

Jicho la nzi lilijaa kioo kizima cha kompyuta, jekundu, lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Swabulah akavuta kiti chake nyuma.

"Mama, huyu bwana yako alikuwa hapigi watu picha?"

Nilimwambia alipiga, wa harusi na wa vitambulisho, lakini hizo aliwapa wenyewe kisha akazifuta. Alizozitunza ni hizi. Swabulah, mwenye duka la kusafisha picha pale Mbarara mjini, akaendelea kubonyeza. Siafu amebeba mguu wa panzi. Vumbi la bawa la kipepeo, limepangwa kama vigae. Ukungu juu ya mkate, msitu mzima. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa safari ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na nilichoka hata kuona aibu.

Nilikuwa natafuta uso wa mume wangu, Mihigo.

Kwetu, sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, siku ya kuondoa matanga picha ya marehemu huwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Kila mtu husimama mbele yake na kumwambia neno la mwisho, ndipo mjane anavuliwa nguo nyeusi. Homa ilimchukua Mihigo upesi, na picha zetu za Kongo ziliungua pamoja na nyumba. Shemeji yangu Gradi alijaribu kukuza ile ya kwenye karatasi ya ukimbizi, yakatoka madoa matupu. Mama mkwe, Perpétue, akasema bila kuzunguka: bila sura hakuna kuaga. Nikae na weusi wangu hadi sura ipatikane. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima. Nilisali rozari kila jioni na kila asubuhi nikaamka nimechoka, kana kwamba usiku kucha nilikuwa nalima.

Mihigo alianza mambo ya wadudu siku alipopata lenzi kuukuu kwa fundi wa kamera kule Kabingo. Aliigeuza, mbele ikawa nyuma, akaifunga kwenye kamera kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Ikigeuzwa hivyo, lenzi hukifanya kilicho kidogo kuwa kikubwa. Alfajiri, wadudu wakiwa bado wamelegea kwa baridi, utamkuta amelala kifudifudi katikati ya maharage, amebana pumzi. Majirani wakipita humuuliza leo anapiga harusi ya nani. "Ya chawa zenu," anajibu bila kuinua kichwa. Mimi na jembe langu nilimruka kama gogo.

Jioni moja alinionyesha kioo cha kamera na kusema, "Fébronie, Mungu alichora bintu mingi yenye batu habaone." Nikasema amina kwa hivyo vitu vingi watu wasivyoviona, nikarudi kwenye chungu changu.

"Na wewe mama, hakukupiga hata moja?" Swabulah aliuliza.

Nikamjibu kwamba mdudu wa baridi hutulia, mimi sijawahi kutulia. Tukacheka kidogo. Ndipo akafungua picha ya mbawakawa, wa kijani, mgongo unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Alitaka kupita. Nilimshika mkono.

Akaivuta karibu. Katika mgongo ule, kama kwenye kioo, mlikuwa na mbingu, mlikuwa na mstari wa migomba, na chini yake mtu mdogo mweusi amepiga magoti: kofia yake ya sufu, viwiko vimetanuka, sweta lenye kiraka nilichokishona mimi. Kamera iliziba mahali pa uso.

"Innalillahi," Swabulah alisema taratibu. Kisha, "Lakini sura hakuna, mama. Nikate huyu mdudu, abaki mtu peke yake?"

"Acha mdudu. Safisha yote, kubwa."

Siku yenyewe, Gradi alitazama picha pale mezani, akanitazama. "Shemeji, unatuletea mududu ku matanga ya kaka?" Katekista aliyekuja kuongoza sala alifunga kitabu chake. Niliona wazi kwamba nitarudi nyumbani na weusi ule ule.

Perpétue, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, aliomba apelekwe mezani. Nilikishika kidole chake, nikakiweka pale mgongoni mwa mbawakawa.

"Sura iko wapi?"

"Iko nyuma ya kamera, mama. Anaangalia."

"Anaangalia nini?"

"Mududu."

Kidole chake kilikaa pale. "Hata akiwa mutoto alikuwa vile. Unamuita kula, hasikie." Alikohoa. Kisha akaacha kusema na mimi, akasema naye. "Simama sasa, mwanangu. Umande imekulowesha ya kutosha."

Gradi alivua kofia, akafuata. Wakapanga mstari, mmoja mmoja, wakiinama ili wamwone.

Zamu yangu ilipofika nilisogea mezani. Upepo ulikuwa umekunja pembe moja ya kitambaa cheupe. Niliinyoosha, nikaenda kuvuliwa weusi.