Mkojo Safi wa Otto

Notburga hakuwa mwanamke wa kujisifu, lakini ulanzi wake, pombe ya mianzi, aliusifia, na nani angemzuia? Mianzi ilikuwa yake mwenyewe, nyuma ya nyumba kule Matogoro, na kila asubuhi ya masika alipita na kisu akikata machipukizi na kukinga maji yake. Ukinywewa siku hiyo hiyo ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala siku mbili unakuwa mkali, na huo mkali ndio aliompelekea mumewe kila siku saa sita mchana, dumu la lita tano, gerejini.

Mumewe, Otto, alikuwa fundi wa kupuliza rangi magari. Mikono ile, jamani! Akimaliza mlango unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini rangi hailainiki bila tina, na tina ina harufu inayopenya puani na kukaa nyuma ya macho mpaka jioni. Mafundi wa gereji ile walikuwa na dawa yao. Ulanzi, walisema, unashusha tina na kusafisha mwili. Nani alianza kusema hivyo hakuna aliyekumbuka, ila wote waliamini na wote walikunywa, isipokuwa Swalehe, mtu wa Namasakata kule Tunduru, ambaye dini yake haikumruhusu.

"Wewe Swalehe utakufa na tina yako kifuani," Otto alimtania, "na ubwabwa wa msiba wako tutaula sisi."

"Mtafika mmeshikana mabega, walevi nyie," Swalehe alijibu, wakacheka wote.

Basi wakaja wapimaji wa afya na vichupa vyao. Kila fundi alitakiwa kutoa mkojo jioni baada ya kazi, ijulikane tina imemwingia kiasi gani. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Mafundi sita, watano safi, na aliyekuwa safi kuliko wote alikuwa Otto. Mchafu alikuwa mmoja tu, Swalehe, namba yake imepigiwa mstari mwekundu.

Ungesikia kelele za siku ile! Raphael, mwenye gereji, aliibandika karatasi ukutani. Swalehe akaambiwa apumzike kwao Tunduru mpaka mwili utulie, tena akatibiwe. Otto akapewa basi zima alipulize peke yake, ndani ya banda la mabati lililofungwa pande zote ili mvua na vumbi visiharibu rangi.

"Mwili wako haushiki tina, Otto," Raphael alimwambia. "Wewe ndiye wa kazi hii."

Notburga naye alivimba kichwa. Alikwenda kuitazama karatasi ile kwa macho yake, akarudi akiimba njia nzima.

Lakini moyoni kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Asubuhi moja Otto alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kukunja uso. Siku nyingine alimwita binti yao, Beata, kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Mara mbili alipita mlango wa nyumba yake akaenda kubisha hodi kwa jirani. Mikono ile ya kusifiwa ilianza kutetemeka asubuhi, na haikutulia mpaka apate kikombe cha kwanza.

"Baba Beata, mimi naogopa," Notburga alimwambia. "Twende hospitali."

"Wakanipime nini tena? Si nimeshapimwa? Karatasi si iko ukutani?"

Notburga akaikumbuka karatasi ile. Mungu amsamehe, hata alifarijika. Na kwa kuwa basi lilikuwa kubwa na tina ilikuwa nyingi, aliacha dumu la lita tano akaanza kumpelekea la lita kumi.

Siku ya tisa ya kazi ya basi, alasiri, Swalehe alipiga hodi. Notburga alishangaa jinsi alivyonawiri, macho meupe, mashavu yamejaa. Alimkaribisha kiti, hakukaa.

"Shemeji, leo umempelekea?"

"Nimempelekea, tena ule mkali wenyewe. Kwani vipi? Umeonja nini huko Tunduru, umekuja kutaka na wewe?"

Swalehe hakucheka. "Nimetoka kwa daktari, nimemwonyesha majibu yangu. Anasema tina ikiingia mwilini, ini linaivunja, linaigeuza kuwa kitu kingine kinachoweza kutoka na mkojo. Kitu hicho ndicho walichopima. Mkojo wangu ulikuwa mchafu kwa sababu mwili ulikuwa unatoa taka. Kisha akaniuliza, hao wenzako waliotoka safi, mchana wanakunywa nini?"

Notburga alikuwa ameshika kata. Aliishusha polepole kwenye ndoo.

"Nikamwambia ulanzi. Akavua miwani, shemeji. Akasema ini likiletewa pombe na tina kwa pamoja, linahangaika na pombe kwanza. Tina inabaki damuni, inazunguka, inapanda kichwani. Haijavunjwa, kwa hiyo kwenye mkojo haionekani. Si kwamba haimo. Imebaki ndani."

"Na yule aliye safi kuliko wote?" Notburga aliuliza, ingawa alikwishajua.

Swalehe alitazama chini. "Nimekuja mbio," alisema.

Walitoka wote wawili. Notburga alikimbia na tope mpaka magotini, ndala moja ikabaki njiani. Kila hatua aliyaona madumu aliyoyabeba kwa mikono yake mwenyewe, amefurahi, anaimba. Alijichukia, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Kompresa ilikuwa ikinguruma bado, lakini bunduki ya rangi ilikuwa sakafuni. Swalehe alivuta milango ya banda yote miwili. Harufu iliwapiga usoni, macho yakatoka machozi. Otto alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, barakoa inaning'inia shingoni, dumu tupu limelala miguuni pake. Ubavu mzima wa basi ulikuwa umepakwa, unang'aa, hauna doa.

"Baba Beata!" Notburga alimshika mkono. "Inuka, tutoke nje!"

Otto alimtazama kwa adabu. Alijaribu kusimama kama mtu anayempisha mgeni, akashindwa, akatabasamu.

"Shikamoo, mama," alimwambia mke wake. "Kama umeleta gari, ningoje kidogo. Mke wangu yuko njiani na ulanzi. Nikishasafisha mwili nitakuhudumia."