Chairman Alimwita Bridget

Nianze na ile video, juu ndio ilinimaliza.

Iko kwa simu yangu mpaka leo, sekunde kumi na nne. Chairman, farasi wangu, amesimama kando ya ua hapa kwetu Mugutha, anakula nyasi, jua ya asubuhi imempiga mgongoni mpaka anang'aa. Unaniskia nikiita, "Chairman! Chairman, angalia huku! Chairmaaan!" Hata sikio hasongeshi. Halafu geti ya chini inalia kwiii, Bridget anaingia na gumbuti zake za kijani, hajasema neno, na Chairman anainua kichwa, anapanua pua, anaita. Hihihihihii! Ile ya kutoka tumboni. Kisha anakimbia. Mzee wa miaka kumi na tisa, anakimbia kumpokea.

Mimi nimekaa na huyo farasi mwaka moja na nusu. Hajawahi niita hata siku moja.

Chairman alikuwa wa guka, babu yangu Ngigi, ambaye alichunga farasi za mashindano upande wa Ruiru karibu maisha yake yote. Shamba ya hizo farasi ilipokatwa ploti, mwenye shamba akamwambia achague mmoja aende naye nyumbani. Guka akachagua yule hakuna mtu angetaka. Na alipofariki, akaacha neno: ng'ombe ni za kina baba, farasi ni wa Kui. Kui ni mimi. Siku ya mazishi binamu yangu Mwas aliniuliza kama nitakuwa nampanda nikienda salon. Wacha acheke. Hakuna msichana mwingine kutoka hapa mpaka Thika anaamka kupata farasi nje ya dirisha.

Bridget ni beste yangu tangu Form One. Wanaishi Mwiki, nyumba ya tatu kutoka kwa stage, mama yake anashona yunifomu. Alikuja mara ya kwanza kumwona Chairman tu, akarudi Jumamosi iliyofuata, na mpaka leo hajaacha. Anampiga brashi akimwimbia nyimbo za kwaya yao, polepole, ya sauti ya pili. Chairman anafunga macho. Unajua venye inakuuma ukiona kitu yako imefungia mtu mwingine macho?

Jumapili baada ya kanisa tunampeleka Kamakis kwa hoteli za nyama choma, watoto wanapanda wakizungushwa huku wazazi wakingojea nyama yao iive. Bridget anashika kamba, mimi napiga video. Hiyo ndio ilikuwa mpango yetu na nilikuwa sawa nayo, mpaka mama mmoja na miwani kubwa akanigusa bega.

"Wewe wa kupiga picha, ebu ambia mwenye farasi mtoto wangu anataka kupanda."

Wa kupiga picha!

Nikafika nyumbani nikaweka video TikTok. Komenti ya kwanza: "Huyo dada wa gumbuti anapenda farasi yake sana." Likes mia tatu. Nikajibu, "Ni yangu." Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Nilikaa kwa kitanda nikihesabu hizo likes kama ni mawe narushiwa.

Halafu akakuja Muriithi. Huyu ana duka ya mbao Thika, na alikuwa anaoa Jumamosi. Alitaka kuingia kwa harusi yake akiwa juu ya Chairman, na suti, na kofia. Alikuja Jumapili kuongea na sisi hapo Kamakis.

"Lakini huyu mrefu ndio atashika kamba," akasema, akimwonyesha Bridget. "Naona anamskiza."

"Mimi ndio mwenye farasi," nikasema.

"Ndio, ndio. Wewe utatupigia video."

Bridget akacheka. "Usijali, Kui, nitashika tu mpaka kwa hema, sindio?" Hakuwa na ubaya. Lakini mimi niliskia kicheko yake kwa masikio mpaka Jumatatu, mpaka Jumanne. Na hapo nikaamua: kabla ya hiyo Jumamosi, Chairman ataniita mimi. Mbele ya watu wote, mbele ya bibi harusi. Mimi.

Sasa, jirani yetu Waweru ana ng'ombe nne na anawapatia machicha, yale mabaki ya shayiri yanabaki pombe ikitengenezwa. Ng'ombe wa Waweru wakiskia ile ndoo ikigonga ukuta, wanalia kama watoto wa nursery wameona mama zao. Kila jioni naskia. Hiyo Jumanne nilisimama kwa ua nikawaskiza, nikasema moyoni, kumbe ni rahisi hivi.

Nisikudanganye ati sikujua. Nilijua. Guka alikuwa na sheria zake: nyasi, maji safi, karoti ukifurahi. Alisema ng'ombe anaweza kula makosa yako yote, lakini farasi hawezi hata kutapika, ikiingia imeingia.

Jumatano nikaomba Waweru machicha kidogo kwa kasuku, ile mkebe ya mafuta ya kupika. "Ya nguruwe?" akaniuliza. "Ya kuku," nikasema. Chairman akanusa, akalamba, akamaliza. Alhamisi nikagonga hiyo kasuku kwa nguzo, na wueh! Akainua kichwa akaita. Hihihihii! Akakuja mbio mpaka kwa mkono yangu! Nilirekodi, nikaweka status: "Mwenye mali ameitwa." Nikaona Bridget ameangalia. Akatuma moyo. Hiyo moyo yake nayo ikaniudhi, nilitaka aumie kidogo.

Ijumaa nikamwekea ndoo mzima. Ilikuwa imelala kwa jua kwa Waweru, ilikuwa inanuka uchachu, lakini si Chairman alikuwa anaipenda?

Saa nane nikampata anajiangalia tumbo. Anageuza kichwa, anaangalia mbavu zake kama mtu ameskia akiitwa na jina halijui. Akakwaruza chini na kwato. Jasho kwa shingo. Halafu akapiga magoti akalala, akaanza kujiviringisha.

Nikapigia Daktari Nzilani wa Thika, yule alikuwa anakujia farasi za guka.

"Tumbo hiyo," akasema. "Mwinue sasa hivi, mtembeze, asijiviringishe, matumbo yanaweza kujisokota. Niko njiani. Amekula nini?"

"Nyasi," nikasema.

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu, daktari."

Nikavuta kamba. Nikasukuma. Nikalia. "Chairman, tafadhali, amka." Nikagonga ile kasuku kwa nguzo kama mjinga, akafunga macho. Farasi mwenye amekataa kuamka ni mzito kama nyumba. Na nilijua nani angemwamsha. Simu ilikuwa kwa mkono, jina lake lilikuwa la kwanza, na bado nilikaa hapo nikimwangalia akigonga kichwa kwa mchanga kabla nipige. Hiyo dakika ndio najionea aibu kushinda ile ndoo.

Bridget alikuja na boda, bado amevaa sindano za mama yake kwa kola. Hakuniuliza kitu. Alipiga magoti kwa kichwa ya Chairman, akashika ile kamba na mikono yote mbili, akaanza ile wimbo yake ya sauti ya pili. Chairman akafungua jicho. Akaweka mguu ya mbele. Akaanguka. Akaweka tena. Akasimama.

Tukatembea. Kutoka geti mpaka kwa mgomba, kutoka kwa mgomba mpaka geti. Yeye upande wa kushoto, mimi kulia.

"Ebu weka hiyo simu," akaniambia. "Shika kamba vizuri. Wewe unamshikanga na mkono moja."

"Si kila wakati."

"Kila wakati, Kui."

Nikaweka simu juu ya nguzo. Nikashika. Na ndio nikaskia venye alikuwa anatetemeka, mwili wote, kama gari iko na shida kwa injini. Sikuwa nimeskia hiyo na mkono moja.

Daktari akafika na gari yake ya matope. Akaweka sikio kwa tumbo ya Chairman, upande huu, upande ule, akakunja uso.

"Niambieni ukweli. Huyu amekula nini?"

Bridget akanijibia. Na hata hakuangalia kando. "Nyasi, daktari. Kui hawezi mpatia kitu ingine. Hata mimi hunikataza nikileta ndizi. Huyu msichana ndio anajua farasi yake."

Ngai.

Angenishuku ingekuwa rahisi. Angeniangalia vibaya kidogo tu, ningesema ni nyasi mpaka kesho. Lakini alisimama hapo na jasho ya farasi wangu kwa blausi yake, akiniapia. Daktari alikuwa ameshika sindano akingoja. Chairman alikuwa ameanza kukunja magoti tena.

"Machicha," nikasema. "Ndoo mzima. Na juzi, na jana, kidogo."

"Machicha?" Daktari alishusha sindano. "Wewe mjukuu wa Ngigi? Nani amekushauri?"

"Hakuna mtu. Nilitaka aniite." Nikamwangalia Bridget. "Anakuita wewe. Kila Jumamosi anakuita wewe, na mimi ndio huamka saa kumi na moja kumtolea mavi."

Bridget akageukia shingo ya Chairman. Daktari naye hakuwa na wakati wa mambo yetu. Alikimbia kwa gari akatoa mpira mrefu na mtungi wa mafuta. "Mshikeni kichwa, nyinyi wawili. Nguvu." Akapitisha huo mpira kwa pua mpaka tumboni, kwanza akatoa ile uchachu, harufu ya baa asubuhi, halafu akamimina mafuta. Shavu yangu ilikuwa kwa shavu ya Chairman upande huu, na ya Bridget upande ule, na hatukuwa tunaangaliana.

"Sasa mtembee mpaka anye," daktari akasema. "Asiponya, mniite."

Tukatembea kama watu wamekosana kwa foleni. Ni kwa mgomba, mara ya kumi hivi, ndio aliongea.

"Unajua mimi nikitoka hapa Jumapili naendanga wapi? Nyumba ya tatu kutoka kwa stage. Nanuka farasi kwa matatu, watu wananihama kiti. Na huwa naskia vibaya kuoga hiyo harufu itoke." Akavuta pua. "Wewe unaangalia nje ya dirisha, ako hapo. Mimi nina weekend. Hiyo kuita ndio kitu yangu pekee hapa, Kui. Na bado ulitaka kuichukua, na karibu umuue."

Nikakaza mikono yote mbili kwa kamba, tukageuka tena.

Kitu saa kumi na mbili kasoro, Chairman alisimama, akainua mkia, akanya. Mavi mengi, ya maana! Nilipiga nduru mpaka Waweru akachungulia kwa ua. Bridget akacheka, akalia, akapanguza uso na mkono chafu, halafu akakumbuka amenikasirikia. Akachukua boda akaenda bila kusema bye.

Nikapigia Muriithi kumwambia hakuna farasi.

"Kesho ni harusi! Sasa nitaingia na nini?"

"Si uko na ile Probox ya kubeba mbao?"

Akanikatia.

Wiki hiyo yote Chairman alikula nyasi kidogo kidogo kwa mkono yangu. Sikugonga kasuku. Nilimwambia Waweru ukweli, ati haikuwa ya kuku, akatingisha kichwa mpaka nikajiskia mdogo kama karanga. Nilimtumia Bridget "nisamehe" Jumapili. Akasoma. Jumatano nikatuma tena. Akasoma.

Jumamosi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya Chairman nikimkwarua kwato, nikijaribu ile wimbo, na siwezi kuimba. Geti ya chini ikalia kwiii.

Kichwa ikainuka. Pua ikapanuka. Mguu aliutoa kwa mikono yangu bila hata kuniomba ruhusa. Hihihihihihii! Akaenda mbio, na mimi nikabaki na vumbi kwa mdomo.

Iliniuma. Nikasimama, nikapanguza magoti, nikaangalia gumbuti za kijani zikipanda kutoka geti, na farasi wangu akizizunguka kama mtoto. Simu ilikuwa kwa nyumba, kwa charger.

"Umekawia," nikapiga kelele. "Kuja umshike hiyo mguu ingine, amenishinda."